Filamu na Muziki katika Sebule Moja: Namna ya Kuchagua Amplifaya

Anayetaka sebule moja imtosheleze kwa filamu na kwa muziki kwa kawaida huanza kwa kuuliza wati ngapi zinatosha. Swali hilo lina mahali pake na nitalifikia, lakini linatanguliwa na jingine lenye uzito zaidi: spika mbili za mbele, ya kushoto na ya kulia, zitaendeshwa na chombo gani, na volyumu yake itashikwa wapi? Filamu ina chaneli tano, saba au zaidi, ambazo lazima zipande na kushuka pamoja kwa mkono mmoja. Muziki wa stirio una chaneli mbili tu, ila unazidai mengi: sauti ya mwimbaji isimame katikati, pale ambapo hapana spika, na kila ala ijulikane imekaa wapi. Spika za mbele hutumikia kazi zote mbili, na fedha nyingi hupotea kwa sababu mnunuzi hakuamua mapema ni chombo gani kizishike.

Ili mambo yasielee hewani, nitachukua sebule ya kawaida katika nyumba za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi: mita 4 kwa 5, kuta za tofali zilizopigwa plasta, sakafu ya vigae, dirisha pana la vioo, na kochi lililo mita 3 kutoka kwenye televisheni. Nikisema risiva nina maana ya risiva ya AV, yaani chombo kimoja chenye matundu ya HDMI, kichakataji kinachofumbua Dolby na DTS (mifumo inayofunga sauti za filamu za chaneli nyingi), na amplifaya za chaneli nyingi ndani yake. King'amuzi cha dishi ni kitu kingine. Nikisema amplifaya ya stirio nina maana ya ile ya chaneli mbili yenye kitufe chake cha volyumu na matundu ya kuunganishia vyombo mbalimbali vya muziki.

Nani anahitaji risiva

Wapo wanaonunua risiva ya chaneli saba wakati kilichowafaa ni amplifaya nzuri ya stirio. Ukitazama filamu peke yako au na mwenzako mmoja, mmeketi katikati ya spika mbili, mazungumzo ya waigizaji yatasikika kama yanatoka kwenye skrini hata bila spika ya kati, kwa sababu sauti inayotoka kwa kiasi kilekile katika spika zote mbili masikio huiweka katikati. Kwa mtu wa namna hiyo, amplifaya ya stirio yenye tundu la HDMI ARC, yaani lile linalopokea sauti kutoka kwenye televisheni, humaliza kazi: kebo moja hutoka kwenye televisheni, rimoti ya televisheni hupandisha na kushusha sauti, na sabufa moja yenye amplifaya yake ya ndani huleta mtikisiko wa filamu. Marantz Stereo 70s na NAD C 700 ni mifano ya aina hii. Katika menyu ya televisheni, sauti iwekwe kwenye PCM, yaani sauti iliyokwisha kufumbuliwa, maana amplifaya nyingi za stirio hazifumbui Dolby, na zikiletewa hukaa kimya au hutoa kelele.

Hali hubadilika familia inapojaa kwenye kochi. Aliyekaa pembeni kushoto huisikia spika ya kushoto mapema na kwa nguvu kuliko ile ya kulia, kwa hiyo maneno yote ya filamu humfikia kutoka upande wake badala ya kutoka vinywani mwa wanaozungumza. Hapo spika ya kati huwa ya lazima, na spika ya kati ikiingia, risiva nayo huingia. Kwa maoni yangu, idadi ya watu wanaotazama pamoja ni kipimo bora cha kuamua jambo hili kuliko kiasi cha mapenzi ya mwenye nyumba kwa filamu.

Risiva peke yake

Risiva ya daraja la kati kutoka Denon, Marantz, Yamaha, Onkyo au Pioneer inaweza kupiga muziki vizuri kabisa, na hili linapaswa kusemwa waziwazi, kwa sababu anayeuza amplifaya za stirio hana sababu ya kukwambia. Ubora wake mkubwa hauko kwenye amplifaya zake. Uko kwenye mfumo wa kupima na kurekebisha sauti ya chumba, kama vile Audyssey, YPAO au Dirac Live, ambao hutumia maikrofoni ndogo inayowekwa kwenye usawa wa masikio katika sehemu kadhaa za kukaa.

Sebule yetu ya mfano inaonyesha kwa nini jambo hili ni zito. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 5, wimbi la sauti hujirudia na kuvuma kwenye hezi 34 hivi, yaani mitetemo 34 kwa sekunde. Kati ya zile zilizoachana mita 4, huvuma kwenye hezi 43, na hapo ni jirani kabisa na uzi mnene wa gitaa la besi, ambao mlio wake ni hezi 41. Matokeo yake ni kwamba noti moja ya besi inajaa chumba chote na kuning'inia, huku ya pili yake inasikika nyembamba, na msikilizaji huilaumu amplifaya ambayo haina kosa. Kuanzia hezi 300 hivi kwenda chini, chumba ndicho kinachotawala kile unachosikia, na hakuna amplifaya ya stirio ya bei yoyote itakayoondoa mvumo huo kwa kuunganishwa tu. Mfumo wa kurekebisha chumba huupunguza kwa kiasi kinachosikika wazi.

Juu ya hezi hizo 300, tatizo la vigae na vioo ni mwangwi. Piga kofi moja ukiwa umesimama katikati ya sebule. Ukisikia mlio mkali unaojirudia upesi upesi, nunua zulia nene la kufunika sakafu kati ya kochi na spika, na pazia zito la dirisha, kabla ya kununua chombo kingine chochote. Hakuna badiliko la amplifaya linalofikia faida ya zulia hilo kwa bei yake.

Kwa hiyo mwenye risiva tayari na afanye hivi kwanza: aweke zulia, apime chumba kwa maikrofoni, kisha asikilize muziki anaoujua kwa kuwasha na kuzima marekebisho. Risiva nyingi zina hali iitwayo Direct au Pure Direct, ambayo huacha marekebisho kando. Mimi hupenda kutumia taarabu ya zamani iliyorekodiwa na kundi zima likipiga pamoja, kwa sababu ganuni, fidla, udi na dumbaki huleta kila aina ya sauti kwa wakati mmoja: uzi wa udi unapaswa kusikika ukichomolewa, ukavuma, ukafifia hadi mwisho wake, na ganuni iwe na wepesi wa juu bila kuchoma sikio. Ikiwa besi imetulia marekebisho yakiwa yamewashwa, na huipendi yakizimwa, fahamu kwamba amplifaya ya stirio itakayopita kando ya risiva itakuondolea marekebisho hayo wakati wa muziki. Wengi hugundua hapa kwamba risiva yao inawatosha, na fedha iliyobaki inafaa ipelekwe kwenye spika.

Lini kuongeza amplifaya ya stirio

Zipo sababu tatu ninazozikubali. Ya kwanza ni spika nzito kuendesha: zenye omu 4 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme), au zenye usikivu mdogo, yaani zinazotoa sauti ndogo kwa kila wati, ambazo huidai amplifaya mkondo mwingi wa umeme. Ndani ya risiva, transfoma moja hulisha amplifaya saba au tisa zilizobanwa chini ya mfuniko mmoja, na amplifaya hizo zikipewa mzigo mzito joto hupanda na ulinzi wa ndani huweza kuzima chombo katikati ya filamu. Ukiziondolea spika za mbele, transfoma hiyohiyo hubaki na mzigo wa spika ya kati na za nyuma tu.

Sababu ya pili ni kwamba vyombo hivi viwili havizeeki sawasawa. Risiva huzeeka kwa upande wa video: HDMI 1.4 ya mwaka 2009 ndiyo iliyoleta ARC, 2.0 ya mwaka 2013 ikaleta picha ya 4K yenye fremu 60 kwa sekunde, na 2.1 ya mwaka 2017 ikaleta eARC, yaani ARC iliyoboreshwa, na kila hatua imeziacha nyuma risiva zilizokuwa madukani. Amplifaya ya stirio haina mbio hizo. NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na wati 20 tu kwa kila chaneli, bado inanunuliwa na kutumiwa, na fundi mwenye ujuzi akibadilisha kapasita zilizokauka huendelea kufanya kazi yake ileile. Fedha inayokusudiwa kukaa muda mrefu na iwekwe kwenye spika na amplifaya ya stirio. Risiva na iwe ile unayoweza kuibadilisha bila kuvunja mfumo mzima.

Ya tatu ni matumizi ya kila siku. Nyumba inayopiga muziki asubuhi hadi jioni na kutazama filamu Jumamosi usiku haina haja ya kuwasha risiva, televisheni na kichakataji chake kwa ajili ya chaneli mbili. Risiva inaweza kula wati 40 au zaidi hata pasipo sauti yoyote, na kwa anayenunua umeme kwa tokeni hilo si jambo dogo.

Tofautisha hapa amplifaya ya stirio kamili na amplifaya ya nguvu pekee isiyo na volyumu wala matundu ya kuchagulia. Ya pili huisaidia risiva kwa nguvu, na marekebisho ya chumba yanabaki kwa filamu na kwa muziki vilevile, lakini muziki bado unapitia kwenye risiva na risiva lazima iwake. Kwa mwenye spika nzito na chumba kigumu, ningechagua hiyo. Kwa anayetaka muziki usimame peke yake, ningechagua amplifaya kamili.

Matundu ya kuangalia kabla ya kulipa

Vyombo viwili vikishirikiana juu ya spika zilezile, kila kimoja kina volyumu yake, na hilo ndilo fundo la mpango wote. Wakati wa filamu, volyumu ya risiva ndiyo inayopaswa kutawala chaneli zote, na ya amplifaya ya stirio iwekwe kando kabisa. Wakati wa muziki, risiva haina neno. Ili hilo liwezekane, risiva lazima iwe na matundu ya PRE OUT kwa spika za mbele, na amplifaya ya stirio lazima iwe na mlango wa kuingilia unaoruka volyumu yake yenyewe.

PRE OUT hutoa ishara ndogo ambayo risiva imekwisha kuichakata na kuipimia volyumu, kabla haijakuzwa na amplifaya zake. Usikubali kuambiwa kwamba "risiva zote zinayo". Denon AVR-X3800H inayo kwa chaneli zake zote, lakini ndugu yake mdogo AVR-X2800H hana PRE OUT ya spika za mbele. Geuza chombo, soma maandishi ya nyuma, na uhakikishe kwamba neno FRONT limo. PRE OUT ya sabufa au ya chumba cha pili si unayoitafuta. Hata kama leo fedha inatosha risiva tu, nunua yenye matundu hayo, maana bila hayo mlango wa kuongeza amplifaya baadaye umefungwa.

Kwa upande wa amplifaya ya stirio, watengenezaji hawakukubaliana jina. Yamaha A-S1200 ina MAIN IN, Marantz PM8006 ina POWER AMP IN, Denon PMA-1600NE ina EXT. PRE, na Arcam SA20 inakuruhusu kuugeuza mlango mmoja kuwa wa kichakataji kupitia menyu yake. Kazi ni moja: ishara inayoingia hapo haipunguzwi na kitufe cha volyumu. Baadhi ya amplifaya za zamani zina vipande vya chuma vyenye umbo la U nyuma yake vinavyounganisha PRE OUT na MAIN IN. Ukivichomoa unaweza kuingiza risiva kwenye MAIN IN, lakini sasa sehemu ya volyumu ya amplifaya hiyo imekatwa, na kurudi kwenye muziki kutahitaji kurudisha vipande au kuweka swichi ndogo ya kebo za RCA, zile za kawaida za kupitisha ishara ya sauti kati ya vyombo. Ni kazi inayochosha ikiwa unabadili mara kwa mara, kwa hiyo amplifaya ya kisasa yenye kitufe cha kubadilishia ina faida ya kweli hapa.

Amplifaya isiyo na mlango wa namna hiyo bado inaweza kutumika, kwa masharti. Ishara ya risiva huingizwa kwenye AUX, kitufe cha volyumu huwekwa mahali pamoja, tuseme katikati ya mzunguko wake, panatiwa alama, na chumba hupimwa kikiwa hapo. Kila filamu itataka kitufe kirudishwe palepale bila kukosea, na mgeni au mtoto akikisogeza, uwiano wa spika zote unaharibika. Ninaikubali njia hii kama ya muda tu.

Jambo moja halina masharti wala udhuru: nyaya za spika zisitoke kwenye amplifaya mbili kwenda kwenye spika moja kwa wakati mmoja. Amplifaya moja italisukumia umeme tumbo la nyingine, na transista zitaungua, mara nyingi kabla hujasikia sauti yoyote. Ukilazimika kutumia swichi ya kubadilishia amplifaya, iwe inayokata ya kwanza kabla ya kuunganisha ya pili, na ikate nyaya zote mbili, wa chanya na wa hasi.

Wati, bila udanganyifu

Hesabu ya wati inahitaji mambo matatu: usikivu wa spika, umbali wa msikilizaji, na ukubwa wa sauti anayoitaka. Usikivu ni desibeli zinazotolewa na spika kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake. Spika nyingi za nyumbani ziko karibu na 87. Kwenye kochi letu la mita 3, umbali unakula desibeli 9.5, na kuta za chumba hurudisha 3 hivi, kwa hiyo wati moja inakufikishia takriban desibeli 80. Hiyo tayari ni sauti ya kukulazimisha kuinua yako unapozungumza. Kila desibeli 3 za nyongeza huhitaji wati mara mbili, na kila desibeli 10 huhitaji wati mara kumi.

Kiwango rejea cha majumba ya sinema huruhusu kilele cha desibeli 105 kwa kila chaneli kuu. Kukifikia kutoka kwenye kochi hilo kunahitaji wati 280 hivi, na sebule chache za vigae zinavumilika kwa sauti hiyo. Anayesikiliza kwa desibeli 10 chini ya hapo anahitaji wati 28. Kwa desibeli 15 chini, ambako ndiko familia nyingi huridhika, wati 9 zinatosha kwenye kilele. Amplifaya yenye wati 60 hadi 100 za kweli kwa chaneli ina akiba ya kutosha kwa chumba hiki. Tofauti kati ya wati 80 na 100 ni desibeli moja tu, ambayo sikio hulitambua kwa shida, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili yake. Ukinunua spika yenye usikivu wa 90 badala ya 87, umeipa amplifaya yako nguvu maradufu bila kuigusa.

Upande wa kichakataji nao una msaada. Ukiwa na sabufa, iambie risiva kwamba spika za mbele ni ndogo, SMALL katika menyu, na kata besi kwenye hezi 80. Sauti nzito zaidi itakwenda kwenye sabufa yenye amplifaya yake, na zile za mbele zitapumzika kwa kiasi kikubwa, hata kama zenyewe ni spika za kusimama zenye maumbo makubwa.

Neno kweli katika wati za kweli lina maana yake. Soma masharti yaliyoandikwa kando ya takwimu. Tamko linaloaminika husema: wati kadhaa kwa omu 8, kutoka hezi 20 hadi 20,000, chaneli mbili zikiendeshwa pamoja, upotoshaji chini ya asilimia 0.1. Chombo hichohicho kikitangazwa kwa omu 6 au 4, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, chaneli moja, upotoshaji asilimia 10, hupata tarakimu kubwa kupita ile ya kwanza bila kuongezewa hata skrubu moja. Marekani iliweka kanuni ya matangazo ya wati mwaka 1974 kwa sababu ya mchezo huu. PMPO, yaani wati za kilele za kimatangazo, inayopamba maboksi ya sabufa Kariakoo na Luthuli Avenue haina uhusiano na wati unazoweza kuzisikia. Tazama kibandiko cha nyuma cha matumizi ya umeme: chombo kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kuendelea kutoa wati elfu moja kwenye spika, kwa kuwa amplifaya haizai umeme, hugeuza tu ule inaopewa na kupoteza sehemu kwa joto. Kibandiko hicho hakipimi kilele cha nguvu, kwa sababu matumizi hupimwa amplifaya ikifanya kazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake, lakini kwa kufichua uongo mkubwa kinatosha.

Kuhusu omu, angalia kipimo cha chini ambacho amplifaya imeruhusiwa, na ujue kwamba spika ya omu 4 huvuta mkondo mara mbili ya ile ya omu 8 kwa volti zilezile. Risiva zenye swichi ya kupunguza omu hufanya hivyo kwa kushusha volti za ndani, yaani zinapunguza nguvu ili zisipate joto. Acha swichi hiyo kwenye omu 8 au 6 isipokuwa chombo kinajizima chenyewe.

Aina ya saketi, darasa AB au darasa D, haipaswi kukuondolea usingizi. Zote zipo nzuri. Katika joto la pwani, darasa D lina faida ya kutopoteza umeme mwingi na hivyo kutopasha kabati, ilhali AB inahitaji hewa. Iachie nafasi ya kiganja juu yake na usiifungie ndani ya stendi ya televisheni yenye milango ya vioo.

Mtumba na umeme wa ukutani

Amplifaya nzuri za stirio zinapatikana kwa mtumba kutoka Uingereza na Dubai, ambako umeme ni wa volti 220 hadi 240 kama wetu. Za Marekani ni za volti 120 na za Japani ni za volti 100, na hizi ukizichomeka moja kwa moja zinaungua. Kibandiko cha nyuma ndicho ushahidi, maneno ya muuzaji hayatoshi. Transfoma ya kushusha umeme inawezekana, ila iwe na uwezo mara mbili ya matumizi yaliyoandikwa kwenye chombo, na ya volti 110 haifai kwa chombo cha Kijapani cha volti 100.

Ukiwa dukani, washa mtumba na uuache upige nusu saa. Zungusha volyumu taratibu usikilize mkwaruzo, badilisha milango yote, sogeza mizani ya kushoto na kulia, na uguse mfuniko uone kama upande mmoja umepata joto kuliko mwingine. Mkwaruzo wa volyumu husafishika; chaneli inayopotea na kurudi huashiria swichi ya ndani au solda iliyochoka, na bei ishuke kwa kadiri hiyo. Risiva ya mtumba isiyo na HDMI mpya inaweza kufaa bado kwa sauti: vyombo vya picha vinaunganishwa kwenye televisheni, na sauti hurudi kwa ARC au kwa kebo ya mwanga, ambayo hupitisha Dolby Digital ya chaneli 5.1.

Kwa kuwa umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, weka vyombo vyote nyuma ya kifaa cha ulinzi kinachokata volti zinapopanda au kushuka kupita kiasi, na kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme.

Kuunganisha na kupima

Chomoa plagi zote. Nyaya za spika za mbele ziende kwenye amplifaya ya stirio peke yake. Spika ya kati na za nyuma ziende kwenye risiva. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba unatosha: kwa umbali wa mita 5 upinzani wake, kwenda na kurudi, ni omu 0.07 hivi. Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu, na ukiona weupe ndani, urudishe. Kisha jozi ya RCA itoke FRONT PRE OUT ya risiva hadi kwenye mlango usio na volyumu wa amplifaya. Santuri, CD au kipokezi cha muziki wa intaneti viende kwenye amplifaya, na vyombo vya filamu kwenye risiva.

Washa risiva kwanza, kisha amplifaya. Wakati wa kuzima anza na amplifaya, ili mshindo wa risiva inapozima usifike kwenye spika. Vyombo vikiwa na matundu ya TRIGGER ya volti 12, kebo moja nyembamba itafanya kazi hiyo bila wewe.

Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, chomoa kebo ya dishi kwenye king'amuzi. Ukitoweka, chanzo ni mzunguko wa ethi unaopitia dishi, na kizuizi kidogo cha kebo ya antena hukimaliza. Vyombo vyote viwe kwenye soketi moja. Usikate pini ya ethi ya plagi kwa hali yoyote, kwani ndiyo inayokulinda chombo kikipata hitilafu.

Pima chumba amplifaya ikiwa kwenye mlango wa risiva, kimya kikiwa kimetawala, feni zimezimwa na friji haivumi. Baada ya vipimo, soma viwango vya spika za mbele kwenye menyu. Amplifaya za stirio mara nyingi hukuza kuliko zile za ndani ya risiva, kwa hiyo kiwango hasi ni cha kawaida. Lakini kikisomeka -12, ambao ndio mwisho wa kipimo katika risiva nyingi, huenda risiva ilitaka kushuka zaidi ikashindwa, na za mbele zitaifunika spika ya kati. Tiba yake ni kipunguza ishara kidogo cha RCA cha desibeli 6 au 10, kisha upime upya.

Inabaki sabufa wakati wa muziki, ambapo risiva imezimwa. Ikiwa amplifaya ina tundu la sabufa na sabufa ina milango miwili, kama nyingi za kampuni ya REL zilivyo, chukua ishara ya filamu kutoka risiva na ya muziki kutoka amplifaya, kila moja na volyumu yake. Kwa muziki, ikate kwenye hezi 40 au 50 ikiwa spika ni kubwa, na kwenye 70 au 80 ikiwa ni za mezani. Anza na kiwango cha chini kabisa, pandisha taratibu hadi gitaa la besi lipate uzito wake, kisha rudisha nyuma kidogo. Sabufa ambayo sikio linaweza kuinyooshea kidole ilipo imepandishwa kupita kiasi.